Louise Scheppler, Yaya na Mwalimu wa Watoto Wadogo

Twapenda sana kusoma habari za wafalme, na majemadari, na watu wenye elimu kubwa, nazo zina faida yake. Lakini mwezi huu tumeona vema kuwaletea maisha ya mwanamke ambaye hakutawala nchi, wala hakuongoza jeshi, wala hakuandika kitabu. Aliingia nyumbani mwa mchungaji wake akiwa binti wa kazi, naye akafariki katika kijiji kile kile baada ya miaka karibu sitini, bila mali wala mtoto wa kumzaa. Hata hivyo wenye elimu wa Ufaransa walisimama wakamheshimu mbele ya watu wote. Kazi yake ilikuwa kutunza watoto wadogo, ndiyo kazi tunayomkabidhi binti wa kwanza apatikanaye, wala hatumwulizi kama aijua. Basi someni habari hizi kwa utaratibu, maana zatuhusu zaidi kuliko tunavyodhani.

Katika upande wa mashariki wa Ufaransa, katika nchi ya Alsace, iko milima iitwayo Vosges. Humo mna bonde moja ambalo Wafaransa huliita Ban de la Roche, na Wadachi huliita Steintal, maana yake Bonde la Mawe. Jina hilo lafaa kabisa. Udongo wake ni haba, baridi yake ni kali, na theluji hukaa muda mrefu. Zamani hizo watu wake walikuwa Walutheri chini ya mfalme Mkatoliki, nao walikuwa maskini sana. Viazi na matunda ya mwituni ndivyo vilivyowaokoa katika miaka ya njaa. Njia zao zilikuwa mbaya, hata wakati wa mvua na theluji hawakuweza kupeleka kitu sokoni. Tena walisema lugha yao ya mlimani ambayo watu wa mijini hawakuifahamu vema, na kwa sababu hiyo walitengwa na elimu na biashara za wenzao.

Mwaka 1767 akaja kwao mchungaji kijana, jina lake Johann Friedrich Oberlin. Alizaliwa mjini Strasbourg tarehe 31 Agosti 1740, akajifunza elimu ya dini katika chuo cha mji ule. Mchungaji aliyemtangulia, Stuber, alikuwa amekwisha kuanza kutengeneza shule na kuwapa watu vitabu. Oberlin akaishika kazi ile akaipanua. Alikaa katika kijiji cha Waldersbach, na usharika wake ulikuwa na vijiji vinne vingine, yaani Bellefosse, Belmont, Fouday na Solbach. Watu walipokataa kutengeneza njia, yeye mwenyewe alishika sululu akaenda mbele yao, hata wakaona haya wakamfuata. Alijenga daraja na nyumba za shule, akawafundisha kupanda miti ya matunda na kuchagua mbegu njema. Kwa ajili hiyo jina lake limejulikana mbali, na hata Marekani kiko chuo kilichoanzishwa mwaka 1833 ambacho chaitwa kwa jina lake.

Lakini Oberlin alipozunguka vijijini aliona jambo ambalo wengi walilipita bila kulitazama. Watoto wakubwa walikwenda shule, baba na mama walikwenda mashambani tangu alfajiri, na watoto wadogo, wale ambao umri wao haujafika wa shule, walibaki. Ni nani aliyekaa nao? Mara nyingine bibi mzee asiyeweza tena kutembea, mara nyingine dada aliye mdogo kama wao, na mara nyingine hapakuwa na mtu. Wengine walianguka motoni au majini. Wengine walikaa siku nzima katika uchafu, wakajifunza matusi na uwongo kabla ya kujifunza neno jema lo lote. Oberlin akatambua kwamba mwalimu wa shule huwapokea watoto wakiwa wamekwisha kuchelewa. Kwa maana mtoto wa miaka saba amekwisha kufundishwa mambo mengi, mazuri au mabaya, wala hatuwezi kusema kwamba alikuwa hana mwalimu. Mwalimu wake alikuwa yule aliyekaa naye.

Hapo katika kijiji cha Belmont palikuwa na binti mmoja aitwaye Sara Banzet, aliyezaliwa mwaka 1745. Sara alikuwa na ujuzi wa kufuma soksi za sufu kwa sindano. Kwa hiari yake alianza kuwakusanya watoto wa kijiji na kuwafundisha kazi ile, bila kuagizwa na mtu. Oberlin alipopata habari alifurahi sana, maana aliona kwamba jambo alilolitafuta limekwisha kuanzishwa na binti mkulima. Walakini baba yake Sara hakupendezwa. Alimwona binti yake akipoteza wakati wake kwa watoto wa watu wengine, na nyumbani hakuleta kitu. Twaweza kumlaumu baba huyo, lakini tukifikiri vema tutaona kwamba alikuwa na haki. Maskini hawezi kutoa kazi ya mwanawe bure mwaka baada ya mwaka. Oberlin naye hakumhubiria mzee huyo juu ya sadaka. Alifanya mapatano mwaka 1769, akamwajiri Sara kwa mshahara, ili kazi yake iwe kazi kweli kweli, yenye heshima na malipo. Hilo ni neno la kwanza tunalotaka mlishike katika habari hii.

Kazi ile ilienea kutoka Belmont hata vijiji vingine. Oberlin alipanga vyumba vikubwa kwa fedha zake mwenyewe, vyenye jiko la kuotea moto wakati wa baridi. Watoto waliketi kumzunguka mwanamke aliyewaangalia. Wakubwa kidogo walifuma na kusokota na kushona, na wadogo kabisa walicheza karibu nao. Mikono ilipokuwa ikifanya kazi, masikio yalisikiliza. Mwanamke yule aliwasimulia habari za Biblia, akawaonyesha picha, akawataja wanyama na mimea kwa majina yake. Walijifunza nyimbo. Walitazama ramani, kwanza ya bonde lao wenyewe, kisha ya nchi yao, kisha ya dunia, ili wajue kwamba milima yao siyo mwisho wa ulimwengu. Kila kitu walitajiwa kwanza kwa lugha ya nyumbani, kisha kwa Kifaransa sanifu, na hivyo wakajifunza lugha ya pili pasipo machozi. Hali ya hewa ilipokuwa njema walitoka nje kutafuta maua na majani, na waliporudi waliulizwa wameona nini. Uwongo, matusi na ukaidi vilionywa. Mchezo haukukatazwa, kwa kuwa Oberlin alijua ya kuwa mtoto mdogo hujifunza kwa kucheza.

Wanawake wale Oberlin aliwaita waongozi wa utoto mchanga. Tazameni, hakuwaita watumishi wala walinzi. Mlinzi hutazama kitu kisiibiwe, bali mwongozi hushika mkono akaenda pamoja na mtu mpaka mahali fulani. Tena Oberlin hakudhani kwamba mwanamke ajua kulea kwa sababu tu ni mwanamke. Mkewe, Madeleine-Salomé Witter, binti wa mwalimu wa chuo cha Strasbourg, aliolewa naye mwaka 1768, naye akaichukua kazi ya kuwafundisha waongozi wale. Aliwaonyesha jinsi ya kusema na mtoto, na jinsi ya kueleza picha, na jinsi ya kutengeneza kazi ya mikono hatua kwa hatua. Mabinti wa wakulima waliingia nyumbani mwa mchungaji, wakatoka na ujuzi ambao mama zao hawakuupata. Na hilo ndilo neno la pili: kabla ya kuwapa watoto, waliwapa mafundisho.

Sara Banzet hakuishi maisha marefu. Alifariki mwaka 1774, hata miaka thelathini hakuifikia. Lakini mbegu yake ilikuwa imekwisha kuota.

Sasa twamfikia yeye ambaye jina lake limeandikwa juu ya habari hii. Louise Scheppler alizaliwa katika kijiji cha Bellefosse tarehe 4 Novemba 1763, katika nyumba ya wakulima maskini. Alikuwa mtoto wa miaka mitatu tu Oberlin alipofika, basi alikua wakati ule ule bonde lilipokuwa likitengenezwa. Alipopata umri wa miaka kumi na mitano aliingia nyumbani mwa mchungaji kufanya kazi. Kazi zake zilikuwa kama zile za binti ye yote wa kazi, kuteka maji, kupika, kufua na kushika watoto. Wakati ule nyumba ilikuwa imejaa watoto, maana Bibi Oberlin alizaa watoto tisa, ijapokuwa si wote waliopona.

Oberlin na mkewe hawakumwacha Louise jikoni tu. Waliona kwamba ana akili na upole, tena watoto wampenda. Kwa hiyo walimfundisha pamoja na waongozi wengine, na baada ya muda mfupi yeye naye akawa mwongozi wa utoto mchanga. Alitoka Waldersbach akaenda vijiji vingine kwa miguu, akapanda na kushuka katika theluji, ili chumba cha watoto kisikose mtu. Ni vema tukumbuke kwamba njia za milimani wakati wa baridi si mchezo, na wengi walio na nguvu kuliko yeye walikaa nyumbani karibu na moto.

Mwezi wa Januari mwaka 1783 msiba mkubwa ulishuka juu ya nyumba ile. Bibi Oberlin alifariki, akaacha watoto saba, na wa mwisho alikuwa mchanga bado. Louise alikuwa na miaka kumi na tisa. Mchungaji alikuwa na vijiji vitano vya kuvitunza, na mama wa nyumba hayupo. Basi binti yule akainuka akashika mzigo wote. Akawa mlezi wa watoto, akawa mwangalizi wa nyumba, wala hakuiacha kazi ya waongozi ambayo bibi yake alikuwa ameiongoza. Kama asingalifundishwa mapema, je, angaliweza? Upendo wake ungalikuwa ule ule, lakini mikono yake isingalijua la kufanya. Mafunzo aliyoyapata katika miaka ile michache ya utulivu ndiyo yaliyoiokoa nyumba siku ya msiba. Hakuolewa, akawalea watoto wale saba kana kwamba amewazaa.

Kisha ikaja fitina kubwa ya Ufaransa iliyoanza mwaka 1789. Mfalme aliondolewa, makanisa yakafungwa, wachungaji wakakatazwa kazi yao. Mshahara wa Oberlin ulikatika, naye akapokea wanafunzi wa kukaa kwake ili apate riziki. Hao nao walikula chakula kilichopikwa kwa usimamizi wa Louise. Mwaka 1793 Frédéric, mwana wa Oberlin, aliuawa vitani. Mwaka 1794 Oberlin mwenyewe alikamatwa, lakini baada ya siku chache tu akafunguliwa. Hata serikali mpya isiyoipenda dini ilikiri kwamba mchungaji huyu amewafundisha watoto wa maskini vema kuliko wengi. Katika miaka hiyo yote ya hofu watoto wa bonde waliendelea kukusanyika, kufuma, kuimba na kujifunza.

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo husimuliwa mara nyingi juu ya Louise. Siku ya mwaka mpya, mwaka 1793, alimwandikia Oberlin barua. Alimwomba asimlipe tena mshahara, bali amhesabu kuwa mtoto wake, ampe tu mahitaji ya mwili kama vile baba ampavyo binti yake. Oberlin alistaajabu, akamkubalia. Lakini moyo wake haukutulia kuona kazi kubwa namna ile haina malipo, basi mara kwa mara alijaribu kumpelekea fedha kwa siri kwa mikono ya watu wengine. Louise alipotambua zilikotoka, alizirudisha.

Twawasihi wasomaji wetu wasilitumie jambo hili vibaya. Wako watu watakaosema kwamba, tazama, yaya mwema hadai mshahara. Sivyo hata kidogo. Ni Louise aliyeukataa mshahara, wala si Oberlin aliyeuzuia. Alikuwa amelipwa miaka mingi, na mlango wa kulipwa ulikuwa wazi mbele yake siku zote. Hata alipoukataa, bwana wake hakushangilia faida bali aliona deni. Zawadi hutoka mkononi mwa mwenye mali, na kazi ya Louise ilikuwa mali yake. Mtu akimnyima binti wa kazi ujira wake, kisha akamsifu kwa uvumilivu wake, hafanani na Oberlin.

Oberlin alifariki tarehe 1 Juni 1826, umri wake ukiwa miaka themanini na mitano, akazikwa Fouday. Baada ya mazishi watoto wake walipata barua aliyowaachia. Ndani yake aliwakumbusha yote ambayo Louise aliwatendea, jinsi alivyokuwa mlezi wao na mama yao na mwalimu wao, na jinsi alivyowahudumia watoto wa bonde zima katika dhoruba na ugonjwa. Akawaagiza wamtunze kama ndugu yao. Nao hawakusita. Walitaka kumgawia fungu la urithi sawasawa na lao. Louise akakataa mali. Aliomba kitu kimoja tu, aruhusiwe kuliunganisha jina la Oberlin na jina lake mwenyewe. Wakampa kwa furaha.

Mwaka 1829 habari zake zilifika Paris. Tajiri mmoja, Baron de Montyon, alikuwa ameacha fedha ili kila mwaka apewe zawadi mtu maskini aliyetenda mema makubwa, na baraza la wenye elimu liitwalo Académie française ndilo lililochagua. Mwaka ule lilimchagua Louise Scheppler, akapewa faranga 5000. Aliyesimulia maisha yake mbele ya mkutano alikuwa Georges Cuvier, bingwa mashuhuri wa elimu ya wanyama, ambaye yeye pia alikuwa Mlutheri. Binti wa wakulima wa Bellefosse alikuwa sasa mwanamke wa miaka sitini na mitano. Fedha zile hakujijengea nyumba, alizitumia kwa maskini wake. Akaendelea na kazi yake hata tarehe 25 Julai 1837, ndipo alipofariki Waldersbach. Naye alizikwa Fouday, katika ardhi ile ile alimolazwa mchungaji wake.

Kwa sababu ya zawadi ile vitabu vingi vilimtaja Louise peke yake kuwa mwanzilishi wa kazi hii. Sisi twaona ni haki kumtaja Sara Banzet pia, aliyeianza Louise akiwa mtoto bado, akafa kabla Louise hajaingia nyumbani mwa mchungaji. Wanawake wanaolea watoto husahauliwa upesi, maana kazi yao haiachi jengo wala kitabu. Huacha watu, na watu hawakumbuki miaka yao ya kwanza.

Kazi ya bonde lile haikubaki milimani. Mwaka 1836 mchungaji Theodor Fliedner alifungua huko Kaiserswerth, kando ya mto Rhein, nyumba ya mashemasi wa kike. Mahali hapo walifundishwa wauguzi wa wagonjwa, na pia walimu wa watoto wadogo. Tangu hapo katika nchi nyingi za Ulaya watu walikubali neno ambalo Oberlin alilitambua mapema, ya kwamba kumlea mtoto mdogo ni kazi yenye elimu yake, na mwenye kuifanya sharti afundishwe.

Basi, wapenzi, tumesimulia habari za watu wa mbali. Sasa turudi nyumbani kwetu.

Sisi tuandikao haya tuna neno la kuungama. Miaka iliyopita tulikuwa na binti wa kazi nyumbani mwetu, tukamkabidhi mtoto wetu aliyekuwa anaanza kutambaa. Siku ya kwanza tulimfundisha binti yule jinsi ya kufua kanzu yetu na jinsi tupendavyo chai. Juu ya mtoto hatukumfundisha neno. Siku moja alipokuwa akichanja kuni, mtoto alivuta sufuria ya uji wa moto, akaungua mkono. Tulirudi kutoka ibada ya mazishi, tukamkemea binti yule kwa maneno makali hata akalia. Mtoto alipona, ashukuriwe Mungu. Lakini tuliposoma baadaye habari za Bibi Oberlin, jinsi alivyoketi na mabinti wa wakulima akawafundisha kabla ya kuwapa watoto, tulijua kosa lilikuwa la nani. Tulimwita binti yule tukamwomba radhi. Tungalifanya vema zaidi kama tungalimfundisha kwanza.

Katika sharika zetu leo nyumba nyingi zina yaya. Mama yuko ofisini, au sokoni, au anafundisha shule, na mtoto yu mikononi mwa binti aliyetoka kijijini juzi. Je, nani amemwonyesha binti huyo kwamba mtoto mdogo asiachwe peke yake karibu na ndoo ya maji, maana hata maji machache huweza kumzamisha? Nani amemwambia kwamba karanga na punje za mahindi humsonga mtoto mchanga? Je, ajua kunawa mikono kwa sabuni kabla ya kumlisha? Ajua kwamba homa ya mtoto haingoji kesho, bali sharti apelekwe zahanati upesi, na kwamba mtoto anayeharisha huhitaji kunyweshwa mara kwa mara, na maji ya dawa ya chumvi na sukari yatolewayo zahanati? Tena, ameambiwa na mtu kwamba kusema na mtoto, na kumwimbia, na kumtajia majina ya vitu, si kupoteza wakati, bali ndiko kuijenga akili yake? Mambo hayo yote hufundishika. Hayahitaji chuo kikubwa. Bibi Oberlin aliyafundisha ya wakati wake katika nyumba ya mchungaji. Chama cha wanawake cha kila usharika chaweza kuwaita mayaya mara moja kwa juma, na muuguzi wa zahanati na mwalimu wa shule ya watoto wadogo wakawafundisha kwa saa moja au mbili. Lakini hayo hayatawezekana tusipompa yaya ruhusa ya kutoka.

Tena kuna habari ya mshahara na mapumziko. Mwaka 2011 Shirika la Kazi Duniani lilikutana Geneva, likatoa mapatano ya namba 189 juu ya watumishi wa nyumbani. Mapatano hayo yataka mtumishi ajulishwe kwa wazi masharti ya kazi yake, ikiwezekana kwa maandishi, naye apate mapumziko ya saa 24 mfululizo kila juma. Wengine walipoyasikia walisema ni mambo mapya ya kigeni. Lakini mchungaji wa Steintal alifanya mapatano na binti mkulima mwaka 1769, kabla ya sheria kumwagiza. Na je, sisi twaongoje kuagizwa? Tena tusichukue binti ambaye umri wake ni wa kuketi darasani, tukamfanya mlezi. Mtoto hawezi kumlea mtoto, yeye mwenyewe ahitaji kulelewa.

Mwisho tutazame heshima. Watoto wa Oberlin walimkubali Louise avae jina lao. Katika nyumba zetu wako wanaomwita yaya kwa kupiga mluzi au kwa jina la kazi tu, na watoto wajifunza kumdharau yule awalishaye. Mtoto akifundishwa kumdharau mlezi wake, amefundishwa dharau tangu maziwa, nayo itaturudia sisi wazazi. Mwiteni kwa jina lake. Watoto na wamwite dada. Na wakati wa sala ya jioni na aketi pamoja nanyi, asisimame mlangoni.

Usiku huu, msomaji mpenzi, ukifunga gazeti hili, mwulize binti aliye nyumbani mwako ameona nini leo katika mtoto wako, kisha umsikilize kama vile umsikilizavyo mwalimu. Kwa maana ndiye.